Maswali ya Wasomaji: Darasa la Kisomo Mwaloni

SWALI: Shikamoo mzee wetu wa safu hii. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wanaoanika na kuuza dagaa katika mwalo mmoja, yaani ufukwe wa kushushia samaki, hapa Ukerewe. Tupo wanachama 28, na kati yetu 11 hutia dole gumba badala ya saini. Katika mgao uliopita kikundi kilikaribia kuvunjika, kwa kuwa mama mmoja alidai kwamba hisa zake zimepunguzwa. Daftari lilikuwa sahihi, lakini yeye hakuweza kulisoma, nasi hatukuwa na njia ya kumthibitishia zaidi ya kumwomba atuamini. Tangu siku hiyo tumeazimia kuanzisha darasa la kisomo hapa hapa kijijini. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi amejitolea kutufundishia kwa vitabu vya darasa la kwanza, na serikali ya kijiji imeahidi kutupatia chumba shuleni kila siku saa kumi jioni. Naomba utuelekeze namna ya kupanga: tuanze na nini, kwa muda gani, nani afundishe, na tutajuaje kwamba wenzetu wamejua? Baadhi yao, hasa mabibi, huzungumza zaidi Kikerewe na Kijita kuliko Kiswahili.
Katibu wa kikundi, Ukerewe

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilirudi kwenye lile daftari lililokuwa sahihi lakini likashindwa kumridhisha mwenye mali. Ugomvi ule wa mgao ndio muhtasari wa kozi yenu, wala msiutafute kwingine. Mama yule hakupungukiwa akili ya kuhesabu. Alikosa njia ya kujionea mwenyewe kilichoandikwa kuhusu jasho lake. Kozi ikipangwa vizuri, katika mgao ujao atafungua ukurasa wake, ataweka kidole kwenye mstari wa mwezi wa tatu, na atasema yeye mwenyewe kama aliyekosea ni yeye au ni katibu. Kwa hiyo nashauri mpange kuanzia mwisho: kabla ya kuuliza mtafundishia kitabu gani, ulizeni wanafunzi wenu watakuwa wanasoma nini wiki moja baada ya darasa kufungwa.

Nalisisitiza hilo kwa sababu ya yale niliyoyaona katika kanda yenu hiyo hiyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe, pamoja na Mafia, ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizoteuliwa kufuta ujinga kabla ya nyingine zote. Tayari tangu mwaka 1968 mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa ukifanya kazi katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera, ukiandaa vitabu vya kufundishia kusoma kupitia kazi za watu wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Matunda yalionekana upesi. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imekuta kwamba takriban theluthi mbili ya watu hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya mtihani wa kitaifa wa Agosti 1975 idadi hiyo ilihesabiwa kuwa asilimia 39, na kufikia mwaka 1986 takwimu rasmi ziliiweka chini ya asilimia 10. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2002 ilikuta tena kwamba karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma. Baadhi yao walikuwa vijana ambao hawakupelekwa shule katika miaka migumu iliyofuata, lakini wengine walikuwa ni wale wale tuliowafundisha.

Nilikuwa mwalimu kijana wa kisomo mkoani Shinyanga wakati huo. Miaka zaidi ya ishirini baadaye nilipita katika kijiji nilichofundisha, na mama mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu alinikaribisha kwa furaha, akafungua sanduku lake la bati, akatoa cheti cha kisomo kilichofungwa ndani ya kipande cha kanga, akanikabidhi ili nimsomee. Alikuwa amefaulu kwa haki. Mtihani wake nilisimamia mimi. Tatizo ni kwamba, tangu siku alipokipokea cheti kile, hakuna karatasi nyingine iliyowahi kufika nyumbani kwake ikamlazimu kuisoma. Kampeni yetu ilijua sana kuandikisha watu na kuwafundisha, na ilikuwa na hata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililoanzishwa Mwanza mwaka 1974. Lakini karatasi zilipoadimika na magazeti yakaacha kufika, kisomo kilikauka kama mche usiomwagiwa maji. Lawama hiyo si ya yule mama.

Ninyi mna bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Kikundi chenu kina karatasi zake na kazi ya kuzisoma kila wiki. Basi jambo la kwanza, kabla hamjanunua hata chaki, ni kwamba wewe na wenzako wawili mpite kwa wale akina mama 11, mketi nao kwenye vichanja, na kumwomba kila mmoja awaonyeshe maandishi yote yaliyopita mikononi mwake katika mwezi mmoja. Mtakuta kitabu cha hisa, kadi ya kliniki ya mjukuu, risiti ya ushuru wa mwalo, ujumbe wa simu wa kupokea pesa ambao alilazimika kumpa kijana wa jirani amsomee, labda Biblia au kitabu cha nyimbo, na barua kutoka shuleni inayomwita mzazi kwenye kikao. Nakilini zote. Furushi hilo ndilo kitabu chenu cha kiada, na kila ukurasa wake una mtu anayeuhitaji.

Kuhusu vitabu vya darasa la kwanza, naomba mwalimu wetu mstaafu asinielewe vibaya, kwani namheshimu kwa moyo wake wa kujitolea. Vitabu vile vimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka sita, na mama wa miaka hamsini aliyelea watoto saba na kuendesha biashara hapaswi kusomeshwa habari za mpira wa Juma. Hatasema kitu, ataacha tu kuja, na ninyi mtadhani ni uvivu.

Njia iliyo bora ni kuanza na neno moja lililojaa maisha yao, mkalizungumza kwanza, kisha mkalivunja katika silabi. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil, alifundisha hivyo mwaka 1963 katika mji mdogo wa Angicos, ambako vibarua na wafanyakazi wapatao 300 walijifunza kusoma kwa saa 40 tu za darasa. Sikuahidi saa 40, lakini Kiswahili kimetupa wepesi mkubwa zaidi kuliko Kireno, kwa kuwa sisi tunaandika kama tunavyotamka, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Hebu tulifanye pamoja. Neno la kwanza liwe dagaa. Mwezeshaji anaweka chini kiganja cha dagaa, na kwa nusu saa watu wanazungumza: nani anapanga bei, kwa nini aliyeanika kwenye kichanja hupata zaidi kuliko aliyeanika mchangani, hasara ya mvua inabebwa na nani. Baada ya mazungumzo hayo neno linaandikwa ubaoni, linakatwa, da-ga-a, na chini yake zinaandikwa familia mbili za silabi pamoja na irabu peke yake:

da de di do du
ga ge gi go gu
a e i o u

Wanafunzi wanasoma kushuka, kupanda na kuruka, kisha wanaombwa waunde maneno wenyewe. Watapata dada, dogo, gogo, dua, ugua. Atatokea bibi mmoja atakayesema digidigi, watu watacheka. Na mwingine, aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa, atasema degedege, nao watanyamaza. Siku hiyo ya kwanza wanarudi nyumbani wakiwa na maneno ambayo hakuna aliyewapa.

Neno la pili liwe hisa, nalo litawaletea sisi, sasa, hasa na sahau. La tatu liwe deni, nalo litaleta nini, nani, nane, dini, dunia na nunua. Baada ya maneno hayo matatu tu, ambayo kwa darasa la watu wazima ni kazi ya siku sita au nane, mwanachama wenu anaweza kuisoma sentensi hii bila kusaidiwa: Dada ana hisa nane. Na hii: Sina deni sasa. Nimewahi kumwona mama akisoma sentensi ya namna hiyo kwa sauti ya chini, kisha akairudia kwa sauti ya juu ili walioko nje wasikie. Baada ya hapo endeleeni na maneno kama mgao, mkopo, riba, sanduku, mvua, kliniki, mkipanga yale mepesi yatangulie, na ch, sh, ny, mb, nd, mw, ng' na wenzao wangoje hadi silabi nyepesi ziwe zimezoeleka. Maneno kati ya 20 na 25 yaliyochaguliwa vizuri yatabeba karibu silabi zote mnazozihitaji.

Wale mabibi wa Kikerewe na Kijita wasikutie wasiwasi. Mazungumzo ya kulizungumza neno yafanyike kwa lugha iliyo nyepesi mdomoni mwao, hata mkichanganya, na kuandika kuwe kwa Kiswahili kwa kuwa daftari la kikundi ni la Kiswahili. Lugha hizo ni ndugu za Kiswahili, silabi zake nyingi zinafanana nazo, na atakayezishika hizi ataweza kujisomea mambo mengi ya kwao pia. Nawaomba jambo moja tu: bibi akiandika lafiki badala ya rafiki, msimkatishe mbele ya watu. Kwanza asome maana. L na r zitakuja kwa wakati wake.

Sasa nije kwenye saa kumi jioni, kwa sababu hapo ndipo darasa lenu linaweza kufa kabla halijazaliwa. Binti yangu, wewe unajua kuliko mimi kwamba saa kumi jioni katika siku za giza ndiyo saa ya kuanua dagaa kabla umande haujashuka. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa usiku wa giza, mitumbwi hurudi alfajiri, na kuanzia hapo hadi jioni mwanamke wa mwaloni hana dakika ya ziada. Mwezi unapokuwa mpevu samaki hawavutwi na taa, mitumbwi hukaa ufukweni, na mwalo hupumzika. Basi kalenda ya darasa lenu ifuate mwezi. Katika siku za mbalamwezi someni mfululizo, tuseme siku nane kwa saa mbili kila siku. Katika siku za giza kutaneni mara moja kwa wiki, ikiwezekana siku ile ile ya kikao cha kikundi, kwa ajili ya kurudia tu. Hizo zitakuwa saa karibu ishirini kwa mwezi. Kwa uzoefu wangu mtu mzima asiyejua herufi hata moja anahitaji saa zisizopungua 180 ili kisomo kikae, kwa hiyo pangeni miezi kumi na msimwahidi mtu chini ya hapo. Programu nyingi nilizoziona zikianguka ziliandika ratiba yake ofisini, na aliyeiandika hakuwa amewahi kuanika chochote.

Chumba cha shule mshukuru kupewa, lakini kitumieni wakati wa mvua. Siku nyingine kaeni kwenye kivuli karibu na vichanja, kwenye mikeka au mabenchi ya kawaida. Dawati la mtoto linamkunja mtu mzima mwili na heshima kwa pamoja. Darasani msizidi watu 15 kwa mwezeshaji mmoja. Mkiwa 11 mko vizuri, nanyi mnaweza kuwaalika wengine wachache wa kitongoji, wakiwamo waume, mradi akina mama wenyewe waulizwe kwanza kama wanawataka.

Nani afundishe? Ningemwomba mwalimu mstaafu awe mlezi wa darasa, na uwezeshaji wa kila siku apewe mwanachama mmoja au wawili wa kikundi waliomaliza kidato cha nne au hata darasa la saba, wenye subira na wanaojua kunyamaza mwanafunzi anapofikiri. Mlezi akae nao mwanzoni na mwishoni mwa kila wiki ya mbalamwezi, aangalie madaftari, awasaidie kupanga silabi. Mwezeshaji awaite wanafunzi mama na bibi kama anavyowaita kisimani, wala asimwambie mtu mzima kwamba amekosea mbele ya mkwewe. Apewe posho, hata kama ni ndogo, na ipangwe tangu mwanzo kutoka mfuko wa jamii wa kikundi. Wawezeshaji wa kujitolea bila chochote huanza kwa moto, na msimu wa kulima ukifika humwoni mtu.

Msisahau pia kwenda kwa Afisa Elimu Kata na kwa afisa wa elimu ya watu wazima wa halmashauri. Serikali ina mpango uitwao MUKEJA, yaani Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, ambao umejengwa juu ya wazo hili hili la jamii kuchagua yenyewe inachotaka kujifunza. Mkiandikishwa, wanafunzi wenu watahesabiwa, na mnaweza kuomba vitabu na mafunzo ya wawezeshaji. Msingoje hadi majibu yaje ndipo muanze.

Kuna mambo mawili yanayosahaulika ambayo lazima niyaseme taratibu. La kwanza ni macho. Mtu akivuka miaka 40 uwezo wa kuona karibu hupungua, na taa ya kibatari au moshi wa jikoni havimsaidii. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye kwa miezi miwili nilimwandika katika daftari langu kuwa ni mzito. Siku moja nikamwona akiusogeza mkono wenye kitabu mbali na uso, kadiri mkono ulivyoweza kunyooka, kisha akausogeza zaidi kwa kuinua kichwa nyuma. Nilikwenda kuazima miwani ya mwalimu mkuu. Mama yule alisoma ukurasa mzima siku hiyo, na mimi nilifuta neno nililokuwa nimeliandika, nikiona aibu ambayo bado ninayo. Kabla ya somo la kwanza, mpimeni kila mtu kwa kumpa mstari wa maandishi madogo au uzi wa kupenyeza kwenye sindano. Nendeni zahanati kwa ushauri, na wekeni katika bajeti jozi chache za miwani ya kusomea ya namba za kawaida. Hakuna chombo cha kufundishia kitakachowalipa haraka kuliko hicho.

La pili ni saini. Wengi watakuja na ombi moja: wafundishwe kuandika jina, ili waepukane na aibu ya wino wa dole gumba. Ombi hilo ni la haki, na jina lifundishwe mapema. Lakini msimwachie mtu aishie hapo. Anayetia dole gumba, kila mtu anajua kwamba hakusoma, kwa hiyo mkopeshaji mwenye hofu ya Mungu atamsomea mkataba. Anayejua kuchora saini tu hudhaniwa kuwa amesoma na amekubali, na siku deni litakapokuja, saini yake itasimama kama shahidi dhidi yake. Wekeni kanuni ya kikundi kwamba mwanachama ataanza kutia saini katika daftari la mikopo siku atakapousoma mstari wa mkopo wake mbele ya wenzake: jina, kiasi, tarehe ya marejesho.

Hesabu haitawasumbua sana. Mama anayeuza sado (ndoo ndogo ya kupimia) sita kwa shilingi 7,000 kila moja atakutajia 42,000 kabla hujafungua kalamu. Asichokijua ni sura ya namba kwenye karatasi, hasa idadi ya sufuri, na tofauti kati ya 4,200 na 42,000 ni mahali ambapo watu huibiwa. Anzeni na ujumbe wa pesa wa simu, fundisheni kuzitenga elfu, na katika somo hilo hilo kila mtu abadilishe namba yake ya siri bila kumwambia mjukuu.

Kuhusu kupima, msiwafungie chumbani kwa mtihani. Zamani tulipanga wanakisomo katika ngazi nne, na aliyefika ngazi ya nne alipaswa kutumia kusoma na kuandika katika shughuli zake za kila siku; wazo hilo bado ni zuri. Mwezi wa tatu, mwanafunzi asome sentensi fupi asiyowahi kuiona iliyoundwa kwa silabi alizojifunza. Mwezi wa sita, aandike mstari wake wa hisa mwenyewe. Mwezi wa kumi, mama yule aliyelalamika, akikubali, asome ukurasa wake wote kwenye kikao cha mgao. Kuanzia mwaka wa pili nafasi ya katibu msaidizi ishikwe kwa zamu na waliohitimu, miezi mitatu mitatu, ili kalamu isirudi mikononi mwa wachache. Nanyi mlio na ujuzi tangu zamani muwe na ubao wa matangazo mwaloni, wenye bei ya sado ya wiki hiyo, majina ya wagonjwa wa kutembelewa na tarehe ya mwezi mpevu ujao. Asitokee mtu wa kuwasomea kwa sauti.

SWALI: Assalaam aleikum mzee wangu. Huku kwetu Kwale tuna darasa la ngumbaru, yaani la kisomo cha watu wazima, ambalo wanawake wamedumu nalo, lakini wazee wa kiume waliacha baada ya wiki mbili. Wanasema hawawezi kufundishwa a, e, i, o, u kama watoto. Tufanyeje?
Mwalimu wa kujitolea, Kwale

JIBU: Waaleikumu ssalaam, ndugu yangu. Kabla ya kuwarudisha, ningeomba uwatembelee na kuwauliza swali moja: nani kati yenu aliwahi kusoma chuoni, yaani madrasa? Katika pwani yetu, mzee ambaye daftari la serikali linamwita hajui kusoma mara nyingi alihitimu Kurani utotoni, na anaweza kuisoma kwa herufi za Kiarabu hadi leo. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne nyingi kabla hakijavishwa hizi tunazotumia sasa. Mtu huyo anajua tayari kwamba alama husimama badala ya sauti, na kwamba herufi ikitiwa irabu hutoa silabi. Kumwanzisha kama asiyejua kitu ni kumdhulumu, naye ameliona hilo ndiyo maana akaondoka.

Mpe chaki. Mwombe aandike jina lake kwa herufi anazozijua, nawe uliandike chini yake kwa herufi za Kilatini, kisha mfananishe sauti kwa sauti. Atahitaji msaada katika mambo matatu: mwelekeo wa mstari, kwa kuwa mkono wake umezoea kutoka kulia, irabu, kwa kuwa alizofunzwa chuoni ni tatu na Kiswahili kina tano, hivyo e na o zinahitaji mazoezi ya peke yake, na sauti kama p, ch na ng' ambazo herufi za Kurani hazikuziwekea mahali. Mtu wa namna hiyo anaweza kumaliza kwa nusu ya muda wa wengine. Akishaweza, mfanye msaidizi wa wale ambao hawakusoma chuoni.

Kuhusu neno ngumbaru, najua limezoeleka Kenya tangu serikali ilipoanzisha kampeni yake ya kisomo na idara ya elimu ya watu wazima mwaka 1979, wala waliolitumia hawakuwa na nia mbaya. Ila masikioni mwa wazee wako limekuwa neno la kuchekwa. Wakiwa wanataka jina jingine, wape nafasi walichague wao. Na wakisema umri umepita, wakumbushe habari za Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Alisema alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, na kuhesabu pesa zake bila kudanganywa. Wazee wako wa Kwale bila shaka wana sababu zao pia: hati ya shamba, fomu ya urithi wa ukoo, ujumbe wa mtoto aliyeko Mombasa. Waulize ni ipi, na somo la kwanza la Jumatatu lianzie na karatasi hiyo.